Munganga-profesa ana wakubwa wawili, mwenye malalamiko hana hata mlango mmoja

Huku Mulongo tunazoea kuzungumza juu ya kasiterite, bei ya kilo, barabara ya Malemba-Nkulu na mvua inayojaza maji mu mashimo. Leo tunaandika juu ya jambo lingine, lakini franga yake inatoka mu shimo lile lile. Ni habari ya waganga wanaofundisha: maprofesa, wakubwa wa kazi za masomo, na wasaidizi wao. Mu lopitali wanatibu wagonjwa wetu. Mu fakulte wanafundisha watoto wetu. Kama mmoja wao anakosa, nani anamuuliza? Lopitali ao univasite?

Wengine watasema: hayo ni mambo ya Lubumbashi na Kinshasa, wachimbaji wanaingilia nini? Tunaingilia sababu tatu. Ya kwanza, watoto wetu wanasoma uganga, na minervali yao inalipwa na jembe na kilo za kasiterite. Ya pili, mwenzetu akivunjika mgongo ao mapafu yakijaa vumbi, wa mwisho wa kumuona ni munganga mkubwa, mara nyingi ni profesa. Ya tatu, kwa yule mwenye kontra ya kazi, malipo ya ajali ao ya ugonjwa wa kazi ku CNSS yanategemea karatasi ya munganga: yeye njo anaandika mwili umepoteza nguvu kiasi gani. Sahihi moja ya profesa inaweza kulisha familia miaka kumi, ao kuinyima.

Mfano mmoja, bila majina

Familia moja ya wachimbaji ilituletea dosie. Binti yao alikuwa anamaliza masomo ya uganga, akatumwa staji mu lopitali moja kubwa, mbali na kwao. Mwisho wa staji, profesa aliyekuwa mkubwa wa servisi akakataa kutia sahihi ku karne yake mpaka apewe kitu. Binti hakuwa na kitu. Baba akaandika barua kwa mkurugenzi wa lopitali. Jibu: «Huyu haiko mutu wetu, ni wa univasite. Muende kule ku fakulte.» Akaandika fakulte. Jibu: «Mambo ilifanyika mu lopitali, sisi hatukuwa pale. Muandikie mkurugenzi wa lopitali.» Barua zikaenda na kurudi hivyo miezi sita. Sesio ikapita. Mtoto akarudia mwaka, na baba akauza pikipiki.

Hatusemi nani alikuwa na haki juu ya ile franga, sababu hakuna aliyechunguza. Tunaloona ni hili tu: nyumba mbili zilisoma barua moja, na hakuna hata moja iliyosema «hii ni yetu». Mbuzi ya wenyeji wawili inalala na njaa.

Kofia nne ku kichwa kimoja

Tuangalie vile mambo imepangwa, ndipo tutaelewa ni wapi malalamiko inapotelea. Profesa wa uganga mu inchi yetu anavaa kofia nne.

Kofia ya kwanza ni ya univasite. Kule njo ana gradi yake, kule njo anatoa pointi. Wakubwa wake ni mkuu wa fakulte, sekretere jenerali wa masomo, rekta na komite ya jestio. Juu yao iko Minisitere ya ESU. Sheria-cadre ya elimu, n° 14/004 ya tarehe 11 février 2014, njo inapanga nyumba hiyo.

Kofia ya pili ni ya lopitali. Cliniques universitaires ziko chini ya ESU, lakini lopitali jenerali za rufaa ziko chini ya Minisitere ya Afya, na sheria yake ni n° 18/035 ya tarehe 13 décembre 2018. Watoto wetu wengi wanafanya staji mu lopitali za Afya, chini ya profesa wa ESU. Lubumbashi, kwa mfano, wanafunzi wa UNILU wanapita Cliniques universitaires, na wanapita pia Jason Sendwe. Ku kitanda kile kile, mgonjwa ni wa minisitere moja na mwalimu ni wa minisitere ingine.

Kofia ya tatu ni ya Ordre des Médecins, iliyoundwa na sheria n° 68/070 ya tarehe 1 mars 1968. Ordre haiangalie pointi wala mshahara. Inaangalia kama munganga ameheshimu kiapo na kanuni za kazi, na inaweza kumuonya, kumsimamisha, mpaka kumfuta ku liste.

Kofia ya ine ni ya biashara: kabine ao polikliniki yake mwenyewe. Hiyo si kosa, kila mtu anatafuta. Lakini mara nyingi mgonjwa anaanzia lopitali ya serikali na anamalizia mu kabine, na akiumia hajui ashitaki upande gani.

Kofia nne, sheria nne, vitabu vinne vya adhabu. Mtu mwenye malalamiko anafikiri ana milango mine. Kumbe kila mlango unaonyesha kidole ku mlango wa jirani.

Sisi wa mine tunajua mchezo huu. Ajali ikitokea ku kampuni inayofanya kazi chini ya kampuni ingine, mwenye mine anasema: «Muandikie mwenye kuwaajiri.» Mwenye kuajiri anasema: «Mine haiko yangu.» Mjane anabaki katikati. Ndiyo sababu masindika yalipigania iandikwe wazi, mbele ya kazi kuanza, nani anajibu juu ya nini. Ile ile inaombwa leo kati ya lopitali na univasite.

Mwana wa Eritrea aliyekufa katikati ya nyumba mbili

Msifikiri ni ugonjwa wa Kongo peke yake. Mahali pesa na kompyuta hazikosi, jambo hili limeua watu.

Ndugu mmoja wa Eritrea, Andemariam Beyene, alikuwa anasoma jeolojia mu Islandi, masomo ya mawe na udongo, kazi ya karibu na yetu. Akapata kivimbe mu bomba la pumzi. Waganga wa Islandi wakamtuma Stockholm, Uswidi, ku lopitali ya Karolinska. Kule alikuwa munganga wa kupasua, Paolo Macchiarini, profesa mgeni ku Karolinska Institutet, na wakati ule ule munganga ku lopitali ya Karolinska. Jina karibu moja, lakini nyumba mbili: moja univasite, ingine lopitali. Mu mwezi wa juin 2011 akamwekea Beyene bomba la plastiki lililopakwa seli zake mwenyewe. Magazeti ya dunia yakashangilia. Kati ya 2011 na 2012 watu watatu waliwekewa bomba hilo Stockholm. Wote watatu wamekufa. Beyene alikufa mu janvier 2014.

Angalieni sasa vile malalamiko ilitembea. Mu 2013 lopitali ilisimamisha upasuaji ule na haikurudisha kontra ya profesa. Lakini univasite ikaendelea naye. Kwa lopitali alikuwa ameisha. Kwa univasite alikuwa bado mtu wa sifa. Mu 2014 waganga wane wa lopitali, waliokuwa wanachunga wagonjwa wale, wakaandika: yale profesa anatangaza mu majarida si yale tunaona mu dosie. Badala ya kusikilizwa, wakaambiwa kosa ni lao, eti walifungua dosie za wagonjwa bila ruhusa. Univasite ikamwita mchunguzi wa nje, Bengt Gerdin. Mu mai 2015 akasema wazi: profesa amekosa. Mu août 2015 rekta wa univasite, Anders Hamsten, akamsafisha profesa.

Kilichofungua mlango ni televizio. Mu janvier 2016 televizio ya Uswidi ilionyesha filamu juu ya wagonjwa wale. Mu février rekta akajiuzulu, mu mars profesa akafukuzwa. Ndipo zikafanywa ripoti mbili, moja ya lopitali na moja ya univasite. Mambo ya tribinali yakaendelea mpaka juin 2023: kori ya rufaa ikampa Macchiarini miaka miwili na nusu ya gereza.

Tangu kifo cha Beyene mpaka hukumu ile, zaidi ya miaka tisa. Nyumba kila moja ilikuwa na sheria nzuri. Ilikosa njia moja ya kupita barua kati yao, na ilikosa mtu wa nje mwenye neno la mwisho. Uswidi ilijifunza kitu: tangu tarehe 1 janvier 2020, mashtaka ya udanganyifu mu utafiti inahukumiwa na komisio ya taifa, si na univasite ya mwenye kushitakiwa.

Nairobi, 2018: mdogo njo analipa

Mfano wa pili ni wa karibu. Mu février 2018, ku lopitali ya Kenyatta, Nairobi, walipasua kichwa cha mgonjwa asiyehusika. Mmoja alihitaji kupasuliwa, mwingine alihitaji dawa tu, wakachanganywa. Munganga aliyepasua alikuwa bado mwanafunzi wa spesialite ku univasite ya Nairobi. Lopitali ikamsimamisha yeye pamoja na wauguzi na mwenye kulaza. Wenzake wakaandamana: mgonjwa aliletwa na jina la mwingine, kwa nini mdogo abebe peke yake? Kisha minisitere ikamsimamisha pia mkurugenzi wa lopitali.

Hapa tunaona upande mwingine wa shida. Kama hakuna njia iliyopangwa mbele, wakubwa wanatafuta haraka mtu wa kutupia kosa, na mtu huyo ni mwanafunzi, ni muguzi, ni yule asiye na profesa wa kumtetea. Ku mine ni hivyo hivyo: shimo likianguka, wa kwanza kuulizwa ni mwenye kubeba magunia.

Kwa nini nyumba zinaogopa

Tusiwe wepesi wa kutukana. Ziko sababu za kweli zinazofanya malalamiko isiguswe.

Wataalamu ni wachache. Mkurugenzi wa lopitali mwenye munganga mmoja tu wa kupasua mifupa anajiuliza: nikimgusa huyu, nani atapasua kesho? Wengine wamekwisha kwenda Zambia na Afrika Kusini. Maprofesa nao wana kilio chao cha mshahara. Makubaliano ya Bibwa kati yao na serikali yalitoka mu kilio hicho.

Tena, wanaohukumu ni wenzake. Waliosoma pamoja, wakatetea tezi mbele ya mtu mmoja, leo inaombwa mmoja amuandikie mwingine adhabu.

Na mwenye malalamiko naye anaogopa. Mwanafunzi anahitaji sahihi ya yule yule anayemshitaki. Mgonjwa anahitaji mkono wa yule yule aliyemkosea. Hapa Mulongo, kwenda Kamina ni siku za pikipiki na franga nyingi. Nani ataenda mara tatu kusikia «rudi juma ijayo»?

Na tusisahau kama wako maprofesa waliosimama na sisi. Wakati watu wa Katanga walikuwa wanaambiwa vumbi ya mine ni vumbi kama ingine, waganga wa univasite ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo wa watu waliokaa karibu na mine na viwanda. Mu 2009, profesa Banza Lubaba Nkulu na wenzake wakaandika kama kobalti na metali ingine zilikuwa nyingi sana mu miili yao. Kazi kama ile inatupa nguvu ku meza ya mazungumzo. Kwa hiyo hatutafuti vita na maprofesa. Profesa mzuri pia anapoteza kama mbaya haulizwi, sababu watu wanawaweka wote mu gunia moja.

Tunaomba nini

Kwa upande wetu tunaona mambo matano ambayo haiombi sheria mpya wala pesa nyingi. Inaomba tu yaandikwe mu kontra ya staji ambayo lopitali na univasite zinatia sahihi pamoja.

Kwanza, mlango mmoja. Komite ndogo ya pamoja: mtu wa lopitali, mtu wa fakulte, mtu wa Ordre, mjumbe wa wanafunzi na mjumbe wa wagonjwa. Barua ikifika kwa yeyote, imefika kwa wote. Hakuna kumrudisha mtu barabarani. Komite ndiyo itembee, si baba wa mtoto.

Pili, kugawanya kosa vizuri. Mambo ya pointi, sahihi na franga ya staji ni ya univasite. Mambo ya matunzo ya mgonjwa ni ya lopitali na Ordre. Mambo ya jinai haingoje komite yoyote. Kumlazimisha msichana kitanda ili apate pointi ni kosa la jinai tangu sheria n° 06/018 ya tarehe 20 juillet 2006, na mlango wake ni parke. Komite isigeuke pazia la kufunika mambo ya tribinali.

Tatu, kumlinda mwenye kushitaki tangu siku ya kwanza. Mwalimu mwingine ampe pointi, munganga mwingine amtibu. Bila hili, mengine yote ni maneno, sababu hakuna atakayeandika.

Ine, kumsikiliza profesa. Apewe mashtaka kwa maandishi, apewe siku za kujibu, aje na mtu wa kumsaidia. Sisi wa sindika tunapigana kila mwaka ili mfanyakazi asifukuzwe bila kusikilizwa. Hatuwezi kuomba kinyume kwa profesa. Kuna barua za uongo pia, za wivu na za wanafunzi walioanguka kwa haki. Uchunguzi mzuri unamsafisha asiye na kosa, na unamsafisha mbele ya watu.

Tano, muda na mtu wa nje. Komite ikishindwa kukata mambo mu muda ulioandikwa, dosie ipande yenyewe kwa minisitere zote mbili pamoja, na mchunguzi atoke mahali pengine. Uswidi wametuonyesha: univasite iliyomwita mchunguzi, kisha ikatupa neno lake, ilipoteza rekta na jina.

Wengine watajibu: mkiwabana, wataalamu watakimbia. Tunauliza: wamekimbia juu ya kuulizwa, ao juu ya mshahara na vifaa? Munganga anayefanya kazi sawasawa anapenda kujua kama mashtaka ya uongo itachunguzwa na kuisha mu mwezi mmoja, badala ya kumfuata mu mji miaka mitano.

Na sisi ku famiya zetu?

Tusingoje wakubwa peke yao. Katiba ya 18 février 2006, ku artikle 27, inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka petisio kwa mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine. Mamlaka inapaswa kujibu mu miezi mitatu. Na artikle hiyo inasema hakuna mtu anayeweza kushitakiwa juu ya kuandika petisio kama ile. Hiyo ni silaha ya amani, na wengi wetu hatujawahi kuishika.

Kwa hiyo, mwenye malalamiko aandike barua fupi: tarehe, mahali, nini kilifanyika, nani aliona. Aandike barua moja yenye majina ya wote: mkurugenzi wa lopitali, mkuu wa fakulte, Ordre ya jimbo. Wakiona majina matatu ku karatasi moja, itakuwa ngumu kusema «si yetu». Achukue kopi na agongewe muhuri wa kupokea. Asitume franga ku simu bila risiti, hata akiambiwa ni ya «kuharakisha dosie». Msichana aliyesumbuliwa asiende peke yake. Aende na mama, dada ao delege. Na wale wa kope walio na watoto mu staji waungane: barua ya familia moja inapotea ku meza haraka, barua ya familia kumi na tano inaulizwa.

Madelege wa sindika, kazi yetu ni kusindikiza. Hatuna mamlaka ya kumhukumu profesa, wala hatujui uganga. Lakini tunajua kuandika PV, kuhesabu siku, na kurudi ku ofisi siku muda unapoisha. Ku mkutano ujao wa kope, kila mwenye dosie ya mtoto ao ya mgonjwa aje nayo na kopi mbili, moja ibaki kwake. Tutaandika tarehe ya kutuma barua ku ukuta wa ofisi, na karibu yake tarehe ya miezi mitatu. Siku hiyo ikifika bila jibu, tutaenda Kamina pamoja kuuliza.